Kwenda Nachingwea na Korosho za Dada Somoe

Sababu ya safari ile ilikuwa dada yangu Somoe, na mashaka yangu juu ya Bwana Mizani. Nianze na dada. Mumewe alipofariki, mikorosho aliyoipanda pale Nkowe ilichukuliwa na wapwa zake, watoto wa dada zake, kama desturi yetu Wamwera inavyotaka. Sisemi walidhulumu. Walichukua kilicho chao, nami nilichukua vivyo hivyo kwa mjomba wangu. Lakini Somoe alibaki na nyumba, na watoto, na mikono miwili isiyo na mkorosho hata mmoja wa kuokotea. Na kwetu watoto wa dada ni mzigo wa kaka, kwa hiyo shida yake ilikuwa yangu pia.

Mikono hiyo ilikuwa na kazi yake. Sijaona mtu anayejua kubangua korosho kama Somoe. Alizichukua kwa watu, akazikaanga kwenye kigae cha mtungi mpaka maganda yakawaka moto na kutoa moshi mweusi, akazizima kwa mchanga, kisha akazigonga moja moja kwa kijiti cha mpingo. Pigo moja tu, korosho inatoka nzima. Akishaimenya ngozi yake nyekundu, ni nyeupe kama jino. Wanawake wenzake wakaanza kuja kujifunza. Walikaa uani kwake wamejipaka majivu mpaka viwikoni, ili mafuta ya ganda yasiwachune ngozi, wakigonga na kuteta na kucheka. Alichokitaka Somoe ni kimoja tu, apatikane mtu wa kununua korosho zilizobanguliwa. Korosho yenye ganda inamfaa mwenye shamba. Iliyobanguliwa ingemfaa na yule mwenye mikono mitupu.

Sasa Bwana Mizani. Hilo si jina lake. Ni jina tulilompa sisi kwa sababu ya mizani iliyoning'inia mlangoni mwa duka lake Ruangwa, ambayo hakuna aliyeiamini na kila mtu aliitumia. Somoe alimpelekea bakuli la korosho zake. Akala mbele yake, akasifu, akala tena, halafu akasema, "Mama, tamu sana. Lakini mimi niletee na ganda tu." Alipoulizwa kwa nini, akainua mabega. Mimi mtu anayesifu kitu na kukikataa hapo hapo simwamini hata kidogo. Nikaamua kwamba anazitaka na ganda ili akabangulishe kwa watu wake, faida aile peke yake. Tukasikia kwamba Nachingwea, karibu na stesheni ya reli, kuna ofisi ya wakala wa wanunuzi wa ng'ambo, na kwamba mtu yeyote anaweza kupeleka sampuli ya mazao yake ikaangaliwa. Nikamwambia dada, "Jaza mifuko miwili. Huyu nampita juu kwa juu."

Asubuhi ya kuondoka nilifika kwake na baiskeli, nikakuta mifuko miwili ya kitambaa cha amerikani imeshajaa, midomo wazi, na juu kabisa korosho nyeupe tupu, nzima nzima. Nilifurahi kuziona. Nikaifunga mifuko mwenyewe kwa fundo nililojifunza kambi ya mkonge. Fundo lile mtu akilifungua hawezi kulirudisha lilivyokuwa.

"Unamfungia nani hivyo?" Somoe akaniuliza.

"Namfungia yeyote."

Akacheka, maana alinijua. Halafu akaacha kucheka. "Uniletee jibu, mdogo wangu. Hata likiwa baya, niletee lilivyo. Wenzangu hawa wameacha vibarua vyao kwa ajili yangu. Lazima nijue kama niwaambie wakae au waondoke."

Nikamuahidi, nikashika njia.

Ruangwa niliingia jua likiwa kali, na mchanga wa njiani ulikuwa umenimaliza miguu. Nilikusudia kupita nyuma ya maduka, lakini lori la Nachingwea lilikuwa linapakia mbele ya duka la Bwana Mizani hasa. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kizingitini. Alinyoosha mkono, akauminya mfuko mmoja kwa vidole viwili kama mtu anayepima embe.

"Zimebanguliwa hizi," akasema. "Za yule mama wa Nkowe. Unapeleka kwa wakala?"

"Ninatembea tu."

"Utarudi nazo, bwana. Mimi mwenyewe nilipeleka mwaka jana. Zikarudi."

Nilimwangalia kwa jicho la pembeni. Kama alipeleka na zikarudi, mbona siku ile hakumwambia dada yangu? Na kama hakupeleka, basi ananivunja moyo makusudi ili nimwachie mzigo pale pale. Akaniita ndani ninywe chai kwanza. Nikasema nimeshakunywa, ingawa tangu niamke sikuwa nimeonja hata maji. Nilijua chai ni chambo tu. Mtu anakaa, anapumzika, na nyuma ya duka mkono wa mtu mwingine unaingia mfukoni. Nikaenda kuyakagua mafundo yangu. Yalikuwa salama.

Dereva wa lori alikuwa Chande, Myao mmoja mwenye sauti kubwa na maneno mengi. Baiskeli yangu aliifunga juu, na mifuko nayo akataka kuirusha huko huko pamoja na magunia. Nikakataa, nikaikalia. Jirani yangu humo lorini alikuwa mama mmoja wa Kimakonde, mtu mzima, mwenye ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, aliyehamia kutoka upande wa Msumbiji. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini pua yake ilikuwa nzima.

"Baba, humu kitu gani?"

"Kunde."

Akainama, akanusa. "Kunde hapana nuka hivi." Akacheka peke yake, kisha akafungua kitambaa chake, akanimegea muhogo wa kuchoma. Nilikuwa nauma meno kwa njaa, nikaukataa. Nilijiuliza kwa nini mtu nisiyemjua anilishe. Akauweka muhogo juu ya goti langu, akageukia upande wa pili, akasinzia. Nilikaa na muhogo ule gotini mpaka ukapoa.

Jua lilipokuwa limepinduka, lori likazama kwenye mchanga wa korongo moja kavu. Chande akatushusha wote tusukume. Mimi nikashuka na mifuko yangu, mmoja begani, mwingine kwapani, nikasimama kando. Hata yule mama alisukuma.

"Bwana Kunde!" Chande akanipigia kelele. "Lori lisukumwe na nani, na hizo kunde?"

Watu wakacheka sana. Nikavumilia. Niliona afadhali kuchekwa kuliko kufika mikono mitupu, na safari iliyobaki jina langu likawa hilo.

Jioni nilishukia Nambambo kwa shemeji yangu Hamisi, kaka wa mke wangu. Yeye na mkewe Bi Esha walinipokea vizuri mno, kuku akachinjwa, ugali wa mtama ukaja na mvuke wake, maji ya kuoga yakapashwa moto. Uzuri huo nao ukanitia wasiwasi. Hamisi tulikuwa tumepishana kidogo kwenye arusi ya mdogo wake, na sikuwa nimesahau. Nikaomba mifuko ilale na mimi, nikaifanya mto.

"Shemeji," akasema Bi Esha, "nyumba hii haina mwizi ila paka."

"Hata paka," nikasema, na hapo Hamisi hakucheka.

Asubuhi nikaingia Nachingwea. Kwa asiyeijua miaka ile, ulikuwa mji wa kushangaza. Wazungu wa ule mpango mkubwa wa kulima karanga walikuwa wameshaondoka wengi wao, wameacha barabara zilizonyooka zinazokwenda porini, nyumba za mabati zilizopangwa safu, na matrekta yaliyokaa kwenye majani yakila kutu. Watu walipita kando ya matrekta yale bila kuyaangalia. Stesheni tu ndiyo iliyokuwa na uhai. Mabehewa yalisimama, na wapagazi walikuwa wakipakia magunia ya korosho za ganda yaende bandarini Mtwara, gunia baada ya gunia, bila mtu kuyauliza swali.

Ofisi ya wakala ilikuwa katika nyumba mojawapo ya mabati. Niliyemkuta ni karani mmoja anaitwa Alfonsi, kijana wa upande wa Masasi, shati jeupe, kalamu ya risasi sikioni. Alinikaribisha kwa adabu, akaniita bwana, akanipa kiti. Nikajua huyu anatafuta kitu. Nikamweleza ni korosho za Somoe wa Nkowe, zimebanguliwa kwa mkono. Fundo langu lilimshinda, akalikata kwa wembe. Akachota za juu, akazigeuza kiganjani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akakunja mkono wa shati na kuuzamisha mkono mpaka chini ya mfuko, kama wanavyofanya wakaguzi. Alipoutoa ulikuwa wa kijivu mpaka kiwikoni.

"Hii nini, bwana?"

Akafungua mfuko wa pili. Vile vile.

"Majivu," akasema. "Hiki ni chakula cha watu. Hiki sikipokei." Akanipa mifuko yangu, akaenda kunawa.

Nilitoka pale na hasira. Njia yote ya kurudi Nambambo nilikuwa nikiwapanga watuhumiwa. Bwana Mizani alikuwa wa kwanza, na vile vidole vyake. Kisha Chande, aliyetaka mifuko ikae juu, mahali isipoonekana na mtu. Kisha yule mama, kwa nini aling'ang'ania kujua kilichomo? Mafundo yalikuwa mazima tangu Nkowe, hilo nililiona kwa macho yangu, lakini mtu akishaanza kushuku, fundo halimwambii kitu. Na kwa kuwa hao wote walikuwa mbali na Hamisi alikuwa karibu, niliingia uani kwake nikasema neno ambalo mgeni hasemi.

"Nani aliingia chumbani nilipolala?"

Hamisi alikuwa anachonga mpini. Akauweka chini, akasimama. "Rudia."

Nikarudia. Nadhani angenitoa nje siku ile ile. Aliyetuokoa ni Bi Esha. Alitandika mkeka, akaumimina mfuko mmoja taratibu, akapiga magoti akaangalia.

"Shemeji, njoo uone," akasema. "Anayetaka kuharibu angemwaga juu akakimbia. Haya yametiwa tabaka kwa tabaka. Korosho, majivu, korosho, majivu. Na ni majivu ya mabua ya mtama, yamechekechwa. Wewe mbegu zenu huko kwenu mnaziwekaje?"

Nikakaa kwenye mkeka. Mbegu zetu tunaziweka hivyo hivyo. Kunde, choroko, mtama wa kupanda, vyote vinalala kwenye majivu ya mabua ili visibunguliwe na wadudu. Lakini korosho iliyobanguliwa kwetu haiwekwi, inaliwa siku ile ile, basi hakuna aliyewahi kuwaza iwekweje. Somoe alikuwa anaipeleka mbali kuliko kitu chochote alichowahi kupeleka. Kwa hiyo alifanya kama mtu anavyofanya kwa chakula kinachokwenda mbali. Hakuniambia kwa sababu hakuona la kuniambia. Juu tu aliacha nyeupe, ili anayefungua apendezwe.

"Aliyekutilia mchanga kitumbua chako," akasema Bi Esha, "anakupenda kuliko sisi sote."

Nikamwomba Hamisi radhi. Alinikubalia kwa mdomo, lakini hakunisemesha tena mpaka kesho yake. Bi Esha akawaita majirani wawili na nyungo zao, wakapepeta, wakafuta korosho moja moja kwa kitambaa kibichi, wakazianika kwenye jua. Nilikaa nao nikifuta. Moyoni sauti ilikuwa inaniuliza wanawake hawa wanapata nini kwa kazi hii. Walipata kula zile zilizovunjika, na kunicheka.

Kesho yake nikarudi ofisini. Alfonsi akazamisha mkono katika mifuko yote miwili, na mkono ukatoka safi. Akamwaga nyingine mezani kwenye karatasi nyeupe, akazitazama kwa muda mrefu. Akaweka moja mdomoni.

"Sijala korosho nzuri kama hizi," akasema. "Mwambie huyo mama hivyo."

"Basi unazipeleka."

"Hapana, bwana. Hazitapita."

Nikamuuliza nini tena. Sasa, nikajiambia, anafika kwenye hongo yake. Nikajibana, nisubiri aitaje mwenyewe. Hakuitaja. Alinyoosha kidole dirishani kwenye behewa lililokuwa likijazwa magunia.

"Zile zenye ganda, huko zinakokwenda, zinaingia mlango uko wazi. Hakuna ushuru wa maana. Zilizobanguliwa zinatozwa ushuru mzito, na zikishatozwa hakuna mfanyabiashara wa kule atakayezigusa, zinakuwa ghali kuliko zao. Na hata hizo chache zinazoingia, lazima ziwe kwenye makopo yaliyofungwa kwa mashine, zipimwe na mtaalamu wao. Mashine hiyo hapa haipo. Mtaalamu naye hayupo."

"Kwa nini wafanye hivyo?"

"Wana wabanguaji wao. Wana viwanda vyao. Kwetu wanataka mali ya shamba tu."

"Na kama tungekuwa na makopo?"

"Ushuru ungebaki pale pale."

"Kwa hiyo hata jana, hata yasingekuwepo majivu, ungezikataa."

"Ningezikataa."

"Mbona hukusema?"

Akaitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Majivu yalikuwa rahisi kueleza," akasema. "Mtu nikimwambia mzigo wake mchafu, anaelewa, anakwenda. Nikimwambia mzigo wake mzuri ndiyo maana haupiti, anakaa hapo kwenye kiti kama ulivyokaa wewe."

Ni kweli nilikaa. Nilimtazama machoni nikitafuta uongo, nami nina uzoefu wa kuutafuta, sikuuona. Mwishoni nikamchotea korosho kiganja kimoja. Akazifunga kwenye karatasi akasema atawapelekea watoto.

Kurudi nilipanda lori lile lile la Chande. "Bwana Kunde," akanisalimu, "hazikuota?" Lilipozama kwenye korongo nikashuka nikasukuma, mifuko nikaiacha juu. Hakuna aliyeigusa. Sasa ningeweza kuiacha hata sokoni.

Njiani nilikuwa na jambo linanikereketa, na bado linanikereketa ninapoandika haya. Kwenda nilimshuku kila mtu mwenye uso. Mmoja alinipa chai, mmoja muhogo, wengine godoro na mikono yao. Aliyetufungia mlango huko ng'ambo sikumwona wala yeye hakuniona, na hajui kama kuna mahali panaitwa Nkowe. Mashaka yangu yote niliyamaliza kwa watu wa barabarani, na lilipofika la kushuku kweli sikujua nimwangalie nani.

Ruangwa, Bwana Mizani alikuwa pale pale kizingitini. Aliitazama mifuko, hakusema "nilikuambia". Alisema tu, "Chai?" Nikaingia. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia dada yangu ukweli siku ile.

"Alikuja amefurahi sana," akasema. "Wanaonunua kwangu wanataka na ganda, mimi nina mizani tu. Ningemwambia nini?"

Nikainywa chai yake, ila nusu. Siwezi kusema safari ile ilinibadilisha kabisa.

Nkowe niliingia wakati wanawake wapo kazini. Walikuwa wameongezeka. Moshi mweusi ulisimama juu ya ua, vijiti vikigonga, mikono ya kijivu ikipanda na kushuka. Somoe akaiona mifuko kwenye baiskeli kabla hajaniona mimi.

"Zimerudi."

"Majivu ulitia wewe?" nikamuuliza.

"Nani mwingine? Safari yote ile, mpaka ng'ambo, ulitaka ziende uchi?" Kisha akautazama uso wangu vizuri, na sauti yake ikashuka. "Ni majivu? Mimi ndiye niliyeziharibu?"

Vijiti vikanyamaza uani pote. Nilikumbuka alivyofanya Alfonsi siku ya kwanza, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa. Neno moja tu, "majivu", lingetosha. Wangelia kidogo, wangepepeta, wangeendelea kubangua mwaka mzima. Lakini alikuwa ameniambia nimletee jibu lilivyo.

"Si majivu," nikasema. "Yalipepetwa yakatoka. Wakasema hawajala nzuri kama zako. Huko ng'ambo yenye ganda inaingia bure, iliyobanguliwa inatozwa mpaka haiuziki. Wanataka kubangua wenyewe."

"Basi tutabangua vizuri zaidi."

"Haihusu uzuri, dada."

"Tutafute makopo."

"Hata kwenye makopo."

Akakitazama kijiti chake cha mpingo kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Wenzake walikuwa wanamtazama yeye.

"Afadhali yangekuwa majivu," akasema. "Majivu ningeyapepeta."

Akawaambia waondoke, mmoja mmoja, kwa majina yao, akamfungia kila mmoja korosho kidogo katika zile zilizorudi. Kesho yake asubuhi nilipishana naye njiani ana kikapu kichwani. Alikuwa anakwenda kwa wapwa wa marehemu mumewe kuuliza kama wanahitaji mtu wa kuokota korosho. Tukasalimiana, akanipa mkono. Ulikuwa safi, umeoshwa majivu mpaka kiwikoni.